Kamati ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 10 Juni

Shajara mpya! Zawadi ya mke wangu. Amesema nimezidi kulalamika mezani mpaka chakula kinapoa, kwa hiyo kila jioni niandike humu jambo la kushukuru, na mezani nile tu. Haya. Nashukuru kwa shajara. Tayari moja. Kumbe rahisi!

La pili: leo maisha yangu yamepata mwelekeo. Miaka kumi na minne natunza stoo ya kiwanda cha uchapaji. Rimu za karatasi, makopo ya wino, gundi, uzi, pini. Hajatokea hata mtu mmoja kunipigia makofi. Asubuhi Mama Meneja karudi kutoka semina ya siku tatu, akatukusanya uani. Akasema kuanzia sasa kiwanda chetu ni cha ujumuishi. Kila mtu ajione wa hapa: mwenye ulemavu, mgeni, kijana, mzee. Anataka watu wa kusimama pamoja na wenzao. Ijumaa atamtangaza Balozi wa Ujumuishi, na Balozi atapewa beji na nafasi yake ya kuegesha gari, kwenye kivuli, yenye kibao.

Sina gari. Nina baiskeli. Lakini kivuli ni kivuli.

Ijumaa hiyohiyo atatangaza msimamizi mpya wa sehemu ya kujalidi, yaani kufunga vitabu na madaftari, maana aliyepo anastaafu. Walioomba ni wawili: bwana mmoja kutoka kiwanda kingine, na Dada Kiganja wetu. Dada Kiganja ni kiziwi. Miaka tisa anakaa ubavuni mwa mashine ya kukunja na kupiga pini, anakagua madaftari yanayotoka na kuyafunga, na hakuna anayeijua mashine ile kama yeye. Kwa nini anaitwa Kiganja sijawahi kuuliza. Nadhani ana mikono mikubwa. Mama Meneja kasema wazi kwamba kuna oda ya madaftari elfu arobaini ya shule, lazima yatoke Alhamisi. Yakitoka salama, cheo ni cha Dada Kiganja. Yakiharibika, atamchukua yule bwana.

Wazo likanijia palepale, nimesimama juani. Nimsaidie mimi! Yeye apate usimamizi, mimi nipate ubalozi. Nani mwingine wa kumsemea?

Kikwazo kimoja tu. Karani wa mapokezi naye anautaka ubalozi, namjua kwa macho yake. Mwezi uliopita alimuuliza yule mteja wa kiti cha magurudumu anapata shida gani pale mlangoni, kisha akapigilia ubao wa mteremko. Sifa wiki nzima. Kwa ubao! Misumari ilitoka stoo kwangu, na hilo hakuna aliyelisema.

Nimemweleza mke wangu mpango wote. Akauliza kama nimemuuliza Dada Kiganja mwenyewe. Nikamwambia zawadi haiulizwi. Akaniongezea chakula, akanyamaza. Nashukuru kwa mke anayejua kunyamaza.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya kazi! Mkono unauma, lakini lazima niandike yote, huenda ikahitajika siku moja.

Saa mbili nikamfuata Dada Kiganja mashineni. Nikamsalimia kwa sauti kubwa, pole pole, mdomo wazi mpaka magego. HA-BA-RI ZA A-SU-BU-HI. Akatoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa aproni (anavyo siku zote, masalio ya karatasi zinazokatwa) akaandika: "Nzuri, Kaka Stoo. Usijichoshe koo. Hata ukinong'ona sisikii vilevile." Mcheshi! Nimekihifadhi kipande. Nimefungua faili kabisa, nimeandika juu yake BARUA ZA SHUKRANI. Mama Meneja atataka ushahidi.

Kisha nikabandika tangazo: mafunzo ya lugha ya alama, saa saba, stoo, mwalimu ni mimi. Nina kijitabu. Nimefika ukurasa wa nne.

Saa saba ikafika, hakuja mtu. Saa saba na robo, hakuna. Nikatoka kuwatafuta. Nikawakuta wote uani, mafundi na wabeba mizigo, wamemzunguka Dada Kiganja. Yeye anapunga mikono, wao wanapunga mikono, na wanacheka mpaka wanashika mbavu. Damu ikanichemka. Nikajitosa katikati nikawaambia ni aibu watu wazima, wenye wake na watoto, kumfanyia mwenzao mzaha namna ile.

Fundi Mkuu akafuta machozi, akanieleza taratibu kwamba hakuna aliyemfanyia mzaha. Yeye ndiye alikuwa anasimulia. Mle ndani mashine zikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo miaka tisa sasa wote wanazungumza kwa mikono, na aliyewafundisha ni yeye. Nikauliza alikuwa anasimulia nini. Fundi Mkuu akatazama viatu vyake. Akasema ni habari ya mtu fulani aliyemsalimia asubuhi.

Haya. Wanajua. Lakini vyeti hawana! Hilo nitalishughulikia.

Sasa jambo la maana. Mashine ile ina kelele za kutoa roho, na meza ya Dada Kiganja imebanana nayo, mguu wake wa chuma umekanyaga bamba lilelile la chuma linalobeba mashine. Masikini dada wa watu! Mchana kutwa kwenye kelele zile! Alasiri alipokwenda kwa Mama Meneja kupeleka sampuli, nikawaita wabeba mizigo wangu wawili. Tukaihamisha meza mpaka mwisho wa ukumbi, dirishani, nyuma ya malundo ya rimu. Chini nikatandika mkeka mnene wa mpira apumzishe miguu. Kwenye kiti nikaweka mto wa kukalia, mpya, kutoka nyumbani kwangu. Madaftari atapelekewa kwa kigari kila baada ya saa moja. Pazuri mno. Nilitamani nikae mimi.

Halafu nikabandika karatasi ukutani: "Meza imehamishwa kwa ustawi wa mhusika. Kamati ya Ujumuishi." Kamati ni mimi. Lakini mtu mmoja hana uzito, Kamati ina uzito. Ijumaa, mbele ya kiwanda kizima, nitajifichua. Karani atakatwa maini! Wabeba mizigo nimewaapisha wasifungue mdomo.

Aliporudi, Dada Kiganja akasimama pale palipokuwa na meza kama mtu aliyeibiwa. Kisha akanifuata stoo na kipande: "Nani kahamisha meza yangu? Naomba irudishwe." Nikaandika chini yake: "Kamati italiangalia." Watu wastaarabu hukataa zawadi mara ya kwanza. Kipande kikaingia faili.

Mke wangu akauliza kelele zinamsumbuaje mtu asiyesikia. Nikamwambia ndiyo maana hajawahi kulalamika. Akauliza tena kama nilimuuliza. Nashukuru kwa subira niliyojaliwa.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi njema, mchana balaa.

Asubuhi kwanza. Kabla sijavua kofia, Dada Kiganja yuko mlangoni kwangu na kipande kirefu kuliko vyote: "Kaka Stoo, nakuomba uwaambie Kamati warudishe meza leo. Meza ndiyo inayoniambia mashine ikianza kuumwa. Huku nilipowekwa hainiambii kitu."

Nikasoma mara mbili. Machozi yakanilenga. Mashairi! Miaka tisa tumekaa na mshairi hatujui. Mpe mtu utulivu na dirisha, uone. Nikaweka mkono kifuani kuonyesha nimeguswa, nikaandika: "Endelea kuandika." Akanitazama muda mrefu. Kipande nikakiweka mbele kabisa ya faili.

Wabeba mizigo hawakuwepo hata hivyo, walikwenda na lori.

Sasa balaa. Kwa kukosa wabeba mizigo, kigari cha kwanza kikamfikia kule dirishani saa tano. Akashika daftari la juu, kurasa zikamwagika. La pili, zikamwagika. Akaruka juu ya rimu! Mama mzima! Akakimbia ukumbi wote mikono juu, akaizima mashine mwenyewe. Nati moja ilikuwa imelegea, pini zinapiga pembeni. Madaftari elfu tatu hayana pini hata moja mahali pake. Fundi wa kulisha karatasi yuko mbele, haoni yanayotoka nyuma. Na kelele zile, nani angesikia?

Bahati mbaya iliyoje! Wiki ileile tuliyomtafutia raha!

Mama Meneja akashuka. Akatazama madaftari, akatazama sehemu ya meza iliyo tupu, akasoma karatasi ya Kamati. Nilikuwa nyuma ya lundo nikihesabu makopo ya wino, nikasikia kila neno. Alisema hajui ni Kamati ipi, pengine ni ya makao makuu, siku hizi kamati zinaota kama uyoga. Lakini jambo moja liko wazi: Dada Kiganja amelalamika, ameomba akae mbali na mashine, tena wiki ya oda. Mtu anayekimbia mashine hawezi kuisimamia. Fundi Mkuu akafungua mdomo, simu ya shule ikaita, Mama Meneja akaondoka nayo mbio.

Fundi Mkuu akamwelekea Dada Kiganja, mikono ikaenda kasi. Baadaye nilimuuliza alijibiwa nini. Alijibiwa kazi kwanza, maneno Ijumaa. Halafu wakaiburuta meza wawili tu, wakairudisha ilipokuwa. Bila idhini ya Kamati! Nimelinukuu hilo, lakini sitalifikisha popote. Sina kinyongo.

Jambo la kushukuru leo limekuwa gumu kupatikana. Nashukuru hakuumia aliporuka zile rimu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimechoka, vidole vimechanika, na moyo wangu hauko sawa.

Leo kiwanda kizima kilikaa kwenye meza ndefu kushona upya madaftari elfu tatu kwa mkono. Mpangaji alikuwa Dada Kiganja. Mashine zilikuwa zinanguruma, ile ya kukunja nayo ikimalizia oda, kwa hiyo hakupiga kelele mtu. Aliinua kidole, watu kumi wakahamia huku. Akageuza kiganja, kurasa zikaanza kupita. Aliwaona wote kwa wakati mmoja, nani amechoka, nani amekosea, nani anahitaji uzi. Sijawahi kuona kazi ikienda hivyo.

Asiyeelewa kitu alikuwa mmoja. Mimi, na kijitabu changu mfukoni! Niliambiwa nisogee kushoto nikakaa chini. Niliambiwa nilete uzi nikaleta gundi. Karani wa mapokezi, ambaye kazi yake ni kupokea simu, alikuwa anaongea naye kwa mikono bila hata kutazama vidole vyake. Kumbe anakula chakula cha mchana nao kila siku. Mjanja!

Dada Kiganja hakunikasirikia. Akanishika mkono akaniketisha karibu naye, akanionyesha mara tatu, pole pole, jinsi ya kulinganisha pembe za karatasi. Mara ya nne nikapata. Akanipa tano! Nilifurahi kama mtoto. Kisha akachukua kiganja changu akakibandika kwenye meza yake, akanikazia macho, akiuliza kitu. Nikahisi mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikadhani ni njaa. Nikamwonyesha tumbo. Akafumba macho kidogo, akanipa andazi lake.

Saa kumi na moja lori likaondoka na madaftari elfu arobaini kamili. Watu walipunga mikono hewani. Nami nilipunga.

Na hapo ndipo nilipoharibikiwa siku. Nilikwenda kusainisha hati ya stoo, mlango wa Mama Meneja uko wazi kidogo, anazungumza na simu. Anasema kesho atamtangaza yule bwana wa kiwanda kingine. Anasema Dada Kiganja ni mchapakazi, moyo unamuuma, lakini mtu asiyesikia mashine na anayetaka kukaa mbali nayo, atamkabidhije sehemu nzima?

Nilirudi stoo nikakaa juu ya rimu. Miaka tisa! Na jana ameruka malundo kuokoa kazi ya watu. Na leo kanipa andazi lake, hakubaki na kitu. Nilisikia uchungu wa kweli, si wa ubalozi. Nimeandika hivi ili nikumbuke kwamba si wa ubalozi.

Nikaenda kumtafuta nimwambie, nikamkuta na Karani, wanazungumza kwa mikono. Karani akaniambia kwamba amemuuliza Dada Kiganja anataka asaidiweje kesho. Naye kaomba jambo moja tu: atafutiwe dakika kumi za kuzungumza mwenyewe, na Fundi Mkuu awe anatamka anachosema kwa mikono. Basi. Karani kamwandikia Mama Meneja, dakika kumi zimepatikana.

Dakika kumi! Huo nao ni msaada? Kumtwika dada wa watu mzigo wa kuhutubia? Hapana. Nimepiga moyo konde. Kesho nitasimama mimi badala yake na kumsemea dakika zote kumi. Nitasoma kila kitu Kamati ilichomfanyia wiki hii, Mama Meneja aone mtu huyu amewekezewa kiasi gani. Hataweza kumwacha.

Mke wangu ameuliza swali lake lilelile. Nimefungua shajara. Nashukuru kwa andazi.

Ijumaa, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Mkutano ulikuwa ukumbini, katikati ya mashine. Mama Meneja akatangaza kwamba kabla hajasema uamuzi wake, kuna mwenzetu ameomba dakika kumi. Dada Kiganja akainuka. Fundi Mkuu akainuka naye. Nami nikainuka, nikawapita wote wawili, nikapanda juu ya kasha la wino.

Nikasema nitamwondolea taabu. Karani alijifunika uso. Nikadhani ni kijicho.

Nikafungua karatasi yangu. Nikasoma jinsi nilivyoandaa mafunzo. Jinsi nilivyomtetea uani. Kisha nikashusha sauti, nikasema wengi wamejiuliza Kamati ya Ujumuishi ni nani. Nikanyamaza kidogo, kama wanavyofanya wahutubiaji. Nikasema: Kamati ni mimi! Mimi ndiye niliyeihamisha ile meza, Jumanne saa tisa alasiri, kwa moyo wangu, bila kuombwa na mtu yeyote!

Nikangoja makofi.

Mama Meneja akauliza, taratibu sana, kama Dada Kiganja hakuomba kuhamishwa. Nikamwambia hata kidogo, ilikuwa zawadi. Akauliza alipoiona zawadi alisema nini. Nikasema alifurahi kupita kiasi, na ushahidi ninao. Nikamkabidhi faili.

Akasoma kwa sauti. Kile cha Jumanne: naomba irudishwe. Kile cha Jumatano, shairi. Alipofika pale meza inapomwambia mashine ikianza kuumwa, akarudi mwanzo wa mstari. Akasoma tena kimoyomoyo. Akaniuliza hiki nilikipokea saa ngapi. Nikasema saa moja na nusu asubuhi. Saa tatu na nusu kabla ya balaa! Nilijisikia nikisema, nikaanza kutafuta njia ya kushuka kwenye lile kasha.

Dada Kiganja akaja mbele. Alikuwa bado ana dakika sita, Karani alikuwa anazihesabu. Akaeleza kwa mikono, Fundi Mkuu akatamka. Alisema mashine ile yeye haisikii, na wengine nao hawaisikii, kwa sababu kelele ni moja tu kubwa. Lakini ukiweka kiganja mezani unaihisi. Nati ikilegea, meza inatetemeka vingine. Kwa miaka tisa anaweka kiganja, akihisi kasoro anainua mkono, Fundi Mkuu anazima, inakazwa, kazi inaendelea. Wala hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba mashine ile huharibika, kwa sababu haikuwahi kupata nafasi ya kuharibika.

Akamwomba Mama Meneja aweke kiganja chake. Mashine ikawashwa. Fundi Mkuu akalegeza nati moja, robo mzunguko tu. Mama Meneja akashtuka kama aliyeshika waya wa umeme, akasema ameihisi, ameihisi!

Kiganja! Miaka tisa nilidhani ni ukubwa wa mikono. Nimeitazama leo. Ni midogo tu.

Ndipo nikaelewa yote kwa mpigo. Meza. Mkeka wa mpira. Ule mtetemo niliodhani ni njaa. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze mimi na kasha langu. Mama Meneja alimwomba Dada Kiganja radhi mbele ya watu wote, akasema alimhukumu bila kumuuliza, akampa usimamizi palepale. Mikono yote ilikwenda hewani. Halafu akanigeukia mimi. Nikajua leo nimemwaga unga.

Dada Kiganja akainua mkono mmoja. Kila mtu akatulia. Ndivyo anavyosimamia. Akaandika kipande, akanipa mimi, si Mama Meneja:

"Kaka Stoo asifukuzwe. Najua alikuwa ananitakia mema. Ule mto nimeupenda sana, mgongo wangu umepona. Ungeniuliza tangu mwanzo, ningekwambia: mto ndiyo, meza hapana."

Nililia. Mbele ya wabeba mizigo wangu! Akanishika mkono, akanifundisha neno moja, vidole kwenye kidevu, kisha kiganja kinashuka mbele. Asante. Nikamrudishia. Nililifanya mara ishirini, mpaka Fundi Mkuu akaniambia yatosha.

Ubalozi kapewa Karani. Yeye naye hana gari! Amesema baiskeli yangu ikae pale kwenye kivuli, yeye huja kwa miguu. Nami nilimwonea kijicho kwa ubao tu, eti misumari ni yangu, sijui nilikuwa na maana gani.

Nimemsimulia mke wangu. Alicheka, kisha akanishika shavu, akasema shika hilo moja tu: uliza. Nikamwambia limeingia. Nashukuru kwa kazi yangu, kwa Karani, kwa mke wangu, na kwa Dada Kiganja zaidi ya wote. Leo nimejaza ukurasa na bado sijamaliza.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeamka mtu mpya. Shukrani zinanitoka hata nikipiga mswaki.

Nimetafakari sana. Swali ni hili: nani mwingine pale kiwandani anateseka kimya kimya, na mimi nimelala? Jibu likaja nikinywa chai. Mhasibu! Anaandika kwa mkono wa kushoto! Miaka yote namwona, na ofisi yake imepangwa kwa watu wa mkono wa kulia. Droo kulia, taa kulia, kitasa cha mlango kulia. Hajawahi kulalamika. Lakini hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Jumamosi ofisi ya uhasibu imefungwa. Funguo zote za akiba zinakaa stoo.

Saa nne asubuhi Kamati ya Ujumuishi imekutana ndani ya stoo. Wajumbe wote walihudhuria. Imepitisha bila kupingwa kwamba droo zihamie kushoto, taa kushoto, na mlango ung'olewe ufungukie upande wa pili. Nimeshafika kwenye bawaba ya mwisho. Mlango ni mzito kuliko nilivyodhani, kwa sasa umelala juu ya meza yake, juu ya makaratasi fulani. Nimeketi kupumzika kidogo na kuandika haya.

Mke wangu kapiga simu kuuliza niko wapi na hizo kelele ni za nini. Nikamweleza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama nimemuuliza Mhasibu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mara hii nimejifunza. Nitamuuliza Jumatatu asubuhi, kitu cha kwanza, kila kitu kikiwa tayari.